Mkwe Aje Kabla ya Kilio

Likasi ni mji wa machimbo ulioko yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, katika mkoa wa Haut-Katanga, na ni mji ambao ndani yake si ajabu kumkuta mtu mzima ambaye hajazungumza na baba au mama yake kwa miaka kumi au ishirini. Mtu huyo akioa au akiolewa bila mzazi kujua, kisha akaletewa habari kwamba mzazi yuko katika ugonjwa wa mwisho, hulazimika kuamua kwa haraka kama aende, na akienda, kama aandamane na mwenzi ambaye mzazi hajapata kumwona. Ushauri anaopewa na wazee, wachungaji na marafiki karibu wote huanzia kwenye msamaha: aende akasamehe au akaombe kusamehewa, na ikiwa moyo haujawa tayari, basi asiende, au aende peke yake ili mgeni asiione aibu ya nyumba. Makala haya yanaupinga ushauri huo. Yanadai kwamba safari ya namna hiyo ni ya kutambulisha na si ya kusameheana. Kwamba mwenzi mpya ndiye anayeipa maana, kwa hiyo hafai kuachwa nyumbani. Na kwamba ifanyike mzazi angali anaona na kusikia, kwa kuwa jambo linaloweza kukamilishwa kando ya kitanda kwa maneno machache haliwezi tena kukamilishwa kwenye kilio, kama watu wa Katanga wanavyoziita siku za matanga, hata kwa maneno mengi.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ifahamike jinsi wazazi na watoto wa mji huu walivyofika mahali pa kutengana, maana si kila utengano ulianzia moyoni. Mji huu, uliojulikana kwa jina la Jadotville hadi mwaka 1966, ulikuzwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo iliacha hatua kwa hatua kutegemea vibarua wa mikataba mifupi, ikawapa wafanyakazi mikataba mirefu, ikawataka waishi kambini na wake zao, ikawajengea watoto shule na zahanati, na ikagawa posho, yaani mgao wa unga na vyakula vingine uliohesabiwa kwa kufuata ukubwa wa familia ya mfanyakazi. Baba wa kambini hakuwa na shamba la kurithisha wala ukoo wa jirani wa kumsaidia kuongoza nyumba. Heshima yake ilisimama juu ya mshahara na posho, na ndiyo maana ulienea Katanga msemo kwamba kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2001 kwa Kifaransa kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, aliwaita watoto hao katika jina lenyewe la kitabu kuwa ni wana wa Shaba walioachwa na baba yao, Shaba likiwa ndilo jina la Katanga kati ya mwaka 1971 na 1997, na jina hilo la kitabu laweza kusomwa kwa namna mbili, kwani aliyewaacha ni mzazi wa nyumbani na ni kampuni pia.

Kampuni hiyo, iliyotwaliwa na serikali mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, lakini baada ya sehemu ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, na baada ya machafuko ya siasa yaliyofuata, uzalishaji ulishuka hata chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990. Mishahara ilichelewa kwa miezi na miezi, posho ikakoma, na hospitali na shule za kampuni zikalegea. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akipewa kitita cha mara moja ambacho wengi walikihesabu kuwa kidogo kuliko walichokuwa wakidai. Mama aliyekuwa akisubiri posho ndiye aliyeanza kulisha nyumba kwa biashara ndogo ya sokoni, na kijana aliyekuwa akisubiri kurithi kazi ya baba akaenda kuchimba madini kwa mikono kuelekea Kambove au Kolwezi, akarudi na fedha ambazo baba hakuwahi kuzishika. Baba aliyebaki bila kazi, bila posho na bila neno la mwisho ndani ya nyumba yake, aliweza kukaa kimya, au kunywa, au kuondoka. Na waliondoka wengi, wengine kwa kisingizio cha kutafuta maisha, wengine kwa mwanamke mwingine, na miezi ya kuondoka ikageuka miaka.

Siasa nayo iliwatenganisha wale ambao njaa haikuwatenganisha. Baada ya Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Kitaifa mwezi wa Agosti 1992, watu wenye asili ya Kasai waliokuwa wakiishi Katanga, wengine kwa vizazi viwili au vitatu kwa kuwa babu zao waliletwa na kampuni kufanya kazi migodini, walianza kushambuliwa na kufukuzwa, wakati Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana wa mkoa. Likasi ilikuwa mojawapo ya miji iliyoumia mapema na vibaya: maelfu ya watu walikimbilia stesheni ya reli na majengo ya shule, wakalala humo kwa majuma wakisubiri treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga, na wengine wakafa njiani kwa ugonjwa na uchovu. Ndoa za mchanganyiko zilipasuliwa katikati. Mume Mluba wa Kasai alipanda treni, mke Msanga wa Katanga akabaki na watoto kwa kaka zake. Au mama alikwenda na mtoto wa kunyonya, baba akabaki na wakubwa. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano mwaka 1993 alikua akiambiwa kwamba baba alimtupa, na baba upande wa pili alizeeka akiamini kwamba watoto waliambiwa wasimtafute, na huenda wote wawili waliambiwa nusu ya ukweli.

Zipo sababu nyingine ambazo haziwezi kusingiziwa kampuni wala siasa. Wapo wazazi waliowapiga watoto wao hadi kuwavunja, walioanzisha nyumba ya pili na kuisahau ya kwanza, na waliokubali mtoto wao wa kuzaa aitwe mchawi ili pasiwepo haja ya kumlisha. Wapo pia watoto waliofanikiwa Lubumbashi au ng'ambo wakaona aibu kwa baba anayelala kwenye nyumba ya kambi inayovuja. Utengano wa namna hii hauko Katanga peke yake: mwanasosholojia Karl Pillemer wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2020, alikuta kwamba asilimia 27 ya Wamarekani watu wazima walikuwa wamekata uhusiano na angalau jamaa mmoja. Tofauti ni kwamba Marekani jambo hilo huzungumzwa kama uamuzi wa mtu binafsi kuhusu moyo wake, na tiba yake hutafutwa katika mazungumzo ya watu wawili, ilhali Likasi mtu anayekatana na mzazi hakatani na mtu mmoja. Huwakata watoto wake na babu yao, humkata mwenzi wake na wakwe, na huacha swali ambalo ukoo mzima utaliuliza siku ya msiba.

Swali hilo linahusu ndoa, na ndoa nchini Kongo haikamiliki kwa watu wawili kupendana. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mchumba wa kiume na familia yake wakubaliane na wazazi wa mchumba wa kike juu ya mahari, yaani mali au fedha zinazotolewa kwa manufaa ya wazazi hao, na ndoa haifungwi mpaka angalau sehemu ya mahari iwe imetolewa. Katika desturi za mijini, orodha ya mahari huwa na suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi, mbuzi na vinywaji, pamoja na fedha zilizotajwa. Mzazi akiwa hayupo, sehemu yake hupokelewa na mwingine: kaka mkubwa, baba mdogo, baba wa kambo aliyemlea binti, au mjomba, ambaye kwa Wasanga na Walamba, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, tayari ana sauti kubwa kuliko baba. Ndoa inakuwa halali na watu wanakula, lakini pengo la baba halifungwi kwa sababu tu suti yake imevaliwa na mtu mwingine. Kila mtu aliyekuwepo siku hiyo anajua kwamba yupo mwanamume mahali fulani ambaye ana mkwe asiyemjua, na kwamba yupo mume ambaye hajawahi kusema neno la heshima mbele ya aliyemzaa mkewe.

Hapo ndipo tofauti ya kutambulisha na kusamehe inapoonekana waziwazi. Msamaha ni tendo la moyo, na mtu hawezi kuamriwa kuwa nao kwa kuwa daktari amesema zimebaki siku chache. Akiulazimisha atadanganya, na mgonjwa mwenyewe, ambaye mara nyingi akili yake ingali timamu kuliko wanavyodhani walio kando yake, ataujua uongo huo. Kutambulisha ni tendo la nafasi. Mtoto anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba mtu huyu ni mume wangu, na mtu huyu ni baba yangu, hata kama hasira zake za miaka ishirini ziko palepale, kwa sababu yote mawili ni kweli na hayategemei jinsi anavyojisikia. Utambulisho haumsafishi mzazi na haumfungi mtoto. Unachofanya ni kumpa mwenzi daraja lake la ukwe, na kuwapa wajukuu wa kesho jibu la kueleweka watakapouliza kama babu aliwahi kumwona mama yao au baba yao. Wazee wa Kiswahili walisema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na ijapokuwa historia ya Likasi imetoa mifano mingi ya wazaliwa walioachana, bado ni wazaliwa hao wanaoitwa kitanda kinapokuwa cha mwisho.

Inafaa kulitazama jambo lenyewe kwa karibu. Katika wodi ya kawaida ya mji kama Likasi mgonjwa hahudumiwi na wauguzi peke yao. Kando ya kitanda hukaa ndugu ambaye kwa Kifaransa huitwa garde-malade, yaani mlinzi wa mgonjwa, anayemwosha, anayempikia, anayekimbia duka la dawa na karatasi ya daktari, na anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda usiku. Mara nyingi mtu huyo ni mke wa pili au binti wa nyumba ya pili, ndiye aliyeubeba ugonjwa tangu mwanzo, na ndiye atakayemwona kwanza mtoto aliyepotea akiingia mlangoni na mgeni nyuma yake. Mtoto mwenye adabu humsalimu huyo kabla ya mgonjwa, humwita mama au dada kwa kadiri ya umri wake, na humshukuru kwa kazi ambayo yeye hakuifanya. Mkwe husimama nyuma kidogo, haketi mpaka ameambiwa aketi, na kwa desturi za wenyeji wengi wa Katanga hujiinamisha na kupiga viganja taratibu. Kisha mtoto husema maneno yenyewe, ambayo kwa Kiswahili cha Katanga hayazidi matano au sita: "Baba, huyu njo bwana yangu." Suti ya mahari haina maana kwa mtu asiyeweza kuketi, kwa hiyo mkwe mwenye busara huleta blanketi, ambalo nalo limo katika orodha ya mahari, na ambalo mgonjwa anaweza kufunikwa papo hapo. Hakuna anayeeleza lina thamani gani. Kila aliyeko wodini anajua ni mali ya nani imetolewa kwa nani.

Mgonjwa akiwa ni mama wa mke, ugumu ni mwingine. Kwa Wabemba, ambao wanaishi Zambia na pia kusini-mashariki mwa Katanga, na kwa jamaa zao wengi wa karibu, mkwe mwanamume humwepuka mama mkwe wake: hali naye, hapiti karibu naye, wala hamtazami usoni, mpaka afanyiwe sherehe ya kuingizwa rasmi katika ukoo wa mkewe. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyeishi miongoni mwa Wabemba wa Zambia katika miaka ya 1930, alieleza jinsi miiko hiyo ilivyokuwa ikiondolewa hatua kwa hatua, kwa zawadi na kwa chakula, kadiri ndoa ilivyozidi kukomaa. Wataalamu wa fani hiyo wameeleza kwa muda mrefu kwamba kuepukana kwa namna hii si uadui bali ni heshima iliyokazwa. Kwa hiyo mume mgeni anayeingizwa ghafla wodini na kumkuta mama mkwe amelala nusu uchi, na dripu mkononi, huvunja heshima ileile aliyokuja kuitoa, na mama mwenyewe, hata akiwa hoi, anaweza kugeuza uso ukutani kwa aibu, jambo ambalo mkwe atalisoma kama kukataliwa. Dawa yake inajulikana: shangazi au mama mdogo hutangulia, humfunika mgonjwa vizuri, humwomba ruhusa, na mkwe hutoa kitu kidogo cha kufungua njia. Desturi hii haimzuii mkwe kumwona mama mkwe anayekufa. Inachodai ni kwamba aombewe ruhusa.

Wanaopinga mwenzi kupelekwa wana hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba ndoa changa haifai kubebeshwa maumivu ya zamani, na kwamba mgeni akiona jinsi mwenzake alivyotupwa, siku ya ugomvi atalitumia kama silaha. Hofu hiyo si ya bure, lakini mwenzi asiyepelekwa haishi bila kujua. Huishi akikisia, na makisio ya ukoo ni mabaya kuliko picha ya mzee mdogo, aliyekonda, aliyelala chini ya neti. Tena Katanga ina kumbukumbu yake yenyewe ya mume na mke kusimama pamoja katika mambo ya moyo. Vuguvugu la Jamaa, lililoanzishwa na padri Placide Tempels katika kambi za wachimbaji za upande wa Kolwezi tangu mwaka 1953 na kusambaa katika miji ya migodi, liliwapokea watu wakiwa mume na mke, si mmoja mmoja, na liliwafundisha hatua kwa hatua kufunguliana mawazo. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mafundisho yake, lakini haiwezi kusemwa kwamba wazo la wanandoa kukabili pamoja jambo zito lililetwa Katanga juzi kutoka ng'ambo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu urithi. Sheria ya Familia inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa alikubali ubaba wao kisheria angali hai, na inawapa robo tatu ya mali, huku mke au mume aliyebaki akihesabiwa katika kundi la pili. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mrithi anaweza kunyimwa urithi kwa kukosa ustahili, yaani kwa kutenda jambo linalomwondolea haki ya kurithi, na miongoni mwa mambo hayo imo kukata kwa makusudi uhusiano wa kindugu na marehemu, jambo linalopaswa kuthibitishwa mahakamani baada ya baraza la familia kusikilizwa, na imo pia kupuuza kwa makusudi kumtunza katika ugonjwa wake wa mwisho pale mrithi alipokuwa na wajibu huo. Haishangazi, basi, kwamba nyumba ya pili ikimwona mtoto wa kwanza akitokea juma la mwisho, tena na mume aliyevaa viatu vya mjini, hujiuliza kama wamekuja kwa mgonjwa au kwa nyumba ya kambi na mabati yake. Ziara moja haiwezi kuwa ushahidi wa utunzaji, na mtoto asijidanganye kwamba ni ushahidi. Njia ya kuondoa shaka ni nyofu: karatasi za nyumba zisitajwe, picha za mgonjwa zisipigwe, mkwe asiulize chumba kipi ni cha nani, na ikiwa kuna suala la kweli la kisheria, kama la mtoto ambaye ubaba wake haujaandikishwa, lipelekwe wazi mbele ya baraza la familia siku nyingine, wala lisifungwe ndani ya blanketi.

Hatari nyingine haitajwi sana kwa kuwa humwangukia mwanamke. Mwana akimleta mke wake mpya, ndugu za mgonjwa huona mikono miwili ya ziada, na kabla hajamaliza kusalimu hukabidhiwa beseni, nguo chafu na sufuria ya uji, kana kwamba ukwe huanza kwa kazi na utambulisho utafuata baadaye. Mkaza mwana anayependa kusaidia atasaidia bila kuambiwa. Lakini kumgeuza mlinzi wa mtu aliyemtelekeza mumewe tangu utotoni, tena siku ya kwanza, ni kumlipisha deni lisilo lake. Ni wajibu wa mume kulisema hilo, na kulisema mapema, kwa kaka au shangazi yake, ili mkewe asilazimike kujitetea mbele ya watu asiowajua. Vilevile mwenzi, awe mume au mke, ana haki ya kukataa kwenda, na kukataa kwake kusiitwe ukosefu wa mapenzi.

Yapo mazingira ambayo safari hii haifai hata kidogo. Mzazi aliyemdhulumu mtoto kwa mwili, au aliyemtoa kafara kwa kumwita mchawi, hana dai la kuletewa mkwe, na mzee wa ukoo anayemwambia mtu aliyeumizwa hivyo kwamba atakosa radhi au atapata laana asipokwenda, anatumia hofu kufunika kosa ambalo ukoo mzima ulilitazama likitendeka. Radhi ya mzazi ni kitu chenye uzito katika nyumba za Waswahili na za Katanga pia, lakini haiwezi kudaiwa na aliyeivunja kwanza. Kwa waliofukuzwa mwaka 1992 na 1993 hali ni tofauti, kwani huko anayepaswa kushtakiwa mara nyingi si mzazi wala mtoto. Binti wa Likasi aliyeolewa na kijana wa Katanga, ambaye baba yake Mkasai anafia Mbuji-Mayi huko Kasai au amerudi kufia Panda au Kikula, mitaa ya Likasi alikokuwa akiishi zamani, humleta mbele ya mgonjwa mtu wa upande uliomfukuza, na hilo halipaswi kufichwa. Lakini ni afadhali mzee huyo aone kwa macho yake kwamba kijana wa Katanga amemwinamia na kumwita baba, kuliko kuambiwa na redio kwamba makabila yamepatana.

Huenda mgonjwa akakataa. Anaweza kufumba macho, anaweza kuuliza kwa nini hawakuja siku zote, na anaweza kusema neno kali ambalo mkwe atalikumbuka maisha yake yote. Mzazi naye si mtumwa wa tukio hilo. Hakuna sheria wala desturi inayomlazimisha kubariki ndoa ambayo hakuitiwa, na mtoto aliyekwenda kwa ajili ya baraka tu atarudi amevunjika. Aliyekwenda kutambulisha habari yake ni nyingine, kwa sababu maneno yake yamesemwa mbele ya mashahidi, na kukataa kwa mzazi hakufuti kilichosikika. Ndiyo maana ni vizuri ziara iwe fupi, asemaye awe mmoja, na awepo mtu wa makamo wa ukoo, shangazi, mjomba au rafiki wa zamani wa kambini, ambaye siku za mbele ataweza kushuhudia kwamba mkwe aliletwa. Na kwa kuwa hospitali nyingi za Kongo hazimwachi mgonjwa, wala hazitoi maiti, kabla ya hesabu kulipwa, mtoto mwenye uwezo anayelipa sehemu ya hesabu hiyo alipe kimyakimya kwa mlinzi wa mgonjwa au kwa mweka hazina wa familia, kwa kuwa fedha zinazotolewa hadharani kando ya kitanda hugeuza utambulisho kuwa ununuzi.

Inabaki kueleza kwa nini yote haya yasingoje kilio, kama familia nyingi zinavyofanya kwa kudhani kwamba kifo kitalainisha mambo. Katika Katanga, kama kwingineko Kongo, siku za matanga ndizo siku za madai. Mkwe ambaye hakuwahi kuonekana huulizwa hadharani yeye ni nani, hutozwa faini ya mbuzi, sukari, unga au fedha kabla hajaruhusiwa kuketi na wafiwa, na aghalabu madeni ya mahari hufufuliwa hapo, kwa sauti kubwa, na watu ambao wengine wao hawakumtembelea mgonjwa hata mara moja. Mtoto aliyetengana na marehemu hujikuta analia kwa kishindo ili aonekane, au ananyamaza na kuitwa mwuaji. Hakuna hata mmoja kati yao anayepata nafasi ya kusema jambo la kweli, kwa sababu aliyepaswa kulisikia hayupo, na waliopo wana hesabu zao.

Kwa hiyo lawama ya mwisho haiwaendei watoto waliotengana na wazazi wao, bali wale wenye mamlaka ya kuwashauri. Mchungaji anayesimama kando ya kitanda akidai watu wapatane mbele yake, mzee anayemzuia mkwe asiingie mpaka faini ilipwe, na ndugu anayeficha habari za ugonjwa ili nyumba ya kwanza ichelewe kufika, wote watatu huichelewesha safari ambayo muda wake tayari ni mfupi. Baraza la familia lenye busara lingefanya kinyume chake: lingetuma habari mapema kwa watoto wote bila kuchagua, lingemtaja mtu wa kuwapokea, lingeahirisha madai ya mahari na ya nyumba, na lingewaachia watoto uhuru wa kwenda na wenzi wao bila kuwauliza wamesamehe nini. Msamaha ukija, ni heri. Usipokuja, mkwe atakuwa ameonekana, na ukoo utakuwa na deni moja pungufu la kudaiana siku ya maziko.